Upande wa Pili wa Behewa

Mtoto akililia wembe, mpe.
Mimi niliulilia wangu nina miaka sabini na moja,
na binti yangu Lowri akanipa:
mashine aliyokuwa akikatia kadi za harusi za watu
mpaka harusi yake mwenyewe ilipovunjika.
Nikaiweka jikoni, kando ya birika.
Ikakohoa, ikajinyoosha, ikatulia
kama mgeni anayengoja kuulizwa habari za safari.

Nina picha moja tu.
Behewa la makaa la mgodi wa Cwm Hesgog, mbao saba,
limesimama mvuani, mwaka haukuandikwa.
Ubao wa tatu kutoka juu ni mpya, haujapakwa rangi,
umeikata herufi H kiunoni.
Ubao huo ndio ulionishika.

Usiku nachora, mstari kwa mstari.
Kila futi inakuwa milimita nne.
Baba yangu, futi sita bila viatu,
angekuwa milimita ishirini na nne,
na kikohozi chake sijui ningekikata kwa kipimo gani.

Natandika mkeka unaonata, nalaza juu yake plastiki
nyembamba kama ganda la kitunguu.
Kisu hakifikii ukucha wa paka kwa ukubwa.
Hakikati mpaka chini; kinakwaruza tu,
kuvunja ni kazi ya vidole:
pinda kidogo, sikiliza, tak.

Mara ya kwanza nilikikaza mno, nikauchana mkeka.
Mara ya pili nilimimina gundi kama mchuzi,
asubuhi kuta zimepinda mithili ya vigae.
Ribiti nazidunga kwa nyuma, moja moja,
kwa sindano ya marehemu Mair,
mia na nane kila ukuta,
na nikipoteza hesabu naanza upya, hakuna anayenisubiri.

Kisha ukaja upande wa pili.
Mashine ina kitufe: geuza kama kioo.
Nikabonyeza. Ikakata. Nikatazama.
Ubao mpya ule ule, mahali pale pale,
kama mtu aliyeumia goti moja
akaamua kuchechemea yote mawili.
Nikautupa.
Upande ule hakuna aliyewahi kuupiga picha.
Nikakata mbao saba tupu, nikazipaka kijivu,
nikaziacha zinyamaze.

Februari, maonyesho, ukumbi wa kanisa,
chai kwenye vikombe vya karatasi.
Mabehewa kumi na moja yanapita, yanarudi,
herufi zikiwatazama watu, kimya kikinitazama mimi.
Ndipo Bi Nesta Prosser, themanini na minane,
akaizunguka meza na gongo lake,
akaja nyuma, nilikosimama,
akainama mpaka pua karibu iguse reli.

“Huku umekosea.”

Nikaanza kumweleza habari ya picha moja.
Hakuwa na muda nayo.
“Huku ndiko walikokaa kula, upepo usiwapate.
Mimi ndiye niliyekuwa nikimletea Ithel mkate.
Mbao za chini zilijaa chaki, chaki tupu.
Madeni ya tumbaku, bwana.
Kaka yangu kafukiwa akidaiwa saba.”

“Akidaiwa na nani?”

“Nani akumbuke,” akasema, akaenda kutafuta keki.

Baba yangu hakuvuta hata siku moja.
Alikuwa akiuza.

Usiku ule sikuiwasha mashine.
Nilichonga penseli nyeupe mpaka ikawa mwiba,
nikazuia pumzi,
nikachora vijiti saba kwenye ubao wa chini kabisa,
kila kimoja kifupi kuliko kope.
Nikavikalia nusu saa nzima.
Kisha nikalowesha kidole mate,
nikavifuta.

Doa limebaki. Usipoambiwa, hulioni.